Yai la Amana

Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Nimeshazoea. Nilipomsimulia mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mwenzangu wa ofisini akaniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Pombe sinywi, homa sikuwa nayo, na wala haukuwa usiku. Watu hudhani mambo haya yanasubiri giza. Hili lilinikuta saa saba mchana, jua liko utosini, mlangoni mwa nyumba yangu mwenyewe hapa Mkonze, Dodoma. Na niamini, kama ningekuwa mtu wa kutunga ningetunga kitu kinachoniachia heshima kidogo.

Mimi ni mtu wa masijala. Kila asubuhi naenda Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kukaa na mafaili, na kazi yangu yote ni kujua karatasi imetoka wapi, imekwenda wapi na nani kaipokea. Mtu wa namna hiyo hana haraka ya kuamini mizimu.

Mwaka jana mke wangu, Yunis, alijifungua mtoto ambaye hakulia. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa wa kiume. Tangu siku ile Yunis akawa mtu mwingine. Laiti angelia ningejua la kufanya, lakini hakulia. Alipika, alifua, aliitikia salamu za majirani, akaketi. Ukimwambia jambo la kuchekesha anakutazama kwa adabu. Swali aliloniuliza lilikuwa moja tu, mtoto amelazwa wapi, nami nilimjibu. Nilichomjibu utakisikia mbele.

Nilikuwa nampoteza mke wangu ndani ya nyumba, namwona kila siku na bado nampoteza. Ndipo likaja wazo la vifaranga. Kuna kundi la wafugaji kwenye simu, mwenzangu kazini aliniingiza humo, na huyohuyo ndiye aliyeniuzia mashine yake ndogo ya kutotolesha alipopata uhamisho. Mashine ya mayai hamsini na sita. Nikasema, Yunis kwao Mpwapwa alikulia kwenye kuku, akipata kitu cha kulea huenda akarudi. Unacheka tena? Mwanaume aliyeishiwa akili hujaribu chochote.

Mayai niliagiza kwa mfugaji wa Kongwa. Tulielewana kwa simu, akayapanga kwenye boksi na maranda, akayapakia kwenye basi, nikayapokea stendi na kuyapakata mpaka nyumbani. Lililopasuka njiani lilikuwa moja. Yakabaki hamsini na matano, na kwenye mashine ikabaki nafasi moja tupu. Mayai yaliyosafiri hayaingizwi siku hiyohiyo, yanatulizwa kwanza, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Nikayaacha stoo yapumzike mpaka kesho yake, ambayo ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi hiyo Yunis alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa stoo nawasha mashine, natazama kipimo kikipanda polepole hadi nyuzi thelathini na saba na pointi saba, nikasikia hodi.

Nilipotoka nilimkuta mwanamke amesimama juani. Umri wake wa kawaida tu, labda miaka thelathini na kidogo. Alikuwa pekupeku, na mchanga wa kwetu saa saba mchana mwezi wa Oktoba hata mbwa haukanyagi. Hakuhamisha mguu. Mgongoni alikuwa na mbeleko, imefungwa vizuri kabisa kama ya mtu aliyebeba, lakini ilikuwa imelala bapa.

"Mbukwa, baba," akasema.

"Mbukwa. Karibu kivulini, mama."

Mimi si Mgogo, lakini ukikaa Dodoma mwezi mmoja salamu hiyo unaijua. Hakuja kivulini.

"Nasikia hapa kuna kuku amelalia," akasema.

"Kuku sina. Nina mashine tu, inafanya kazi hiyohiyo."

"Ina joto?"

"Joto inalo."

"Basi niwekee na langu."

Jambo lenyewe halikunishangaza, na nataka uelewe kwa nini. Kijijini kwetu, na naamini hata kwenu, kuku wa mtu akilalia, jirani asiye na kuku wa kulalia huja na mayai yake mawili matatu akaomba yachanganywe humo. Unayatia alama ya mkaa, yakitotoka kila mtu anachukua chake. Kumkatalia mtu ombi hilo ni uchoyo, na utasemwa mpaka watoto wako waoe. Nafasi moja ninayo. Ningemkatalia kwa lipi?

Akaingiza mkono ndani ya mbeleko, nyuma mgongoni, akatoa yai. Dogo, la kienyeji, rangi ya udongo. Nilipolipokea nikashtuka. Lilikuwa la baridi. Limetoka mgongoni mwa mtu, kwenye jua lile, na lilikuwa na baridi ya kitu kilichofukuliwa chini.

"Likitoka ni langu," akasema. "Lisipotoka ni langu vilevile. Usilipasue. Nitalifuata mwenyewe."

"Sawa, mama. Silipasui."

"Ni amana, baba."

"Nimekuelewa."

Akaondoka. Sikumuuliza jina. Sikumuuliza anaishi mtaa gani wala kuku aliyelitaga ni wa nani. Mimi, ambaye bahasha ikija bila jina la mtumaji nairudisha mlangoni, nilipokea kitu cha mtu kwa "nimekuelewa" nikarudi ndani.

Yunis aliporudi nilimweleza. Nilidhani ataitikia kwa adabu zake zile. Badala yake akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akalichora yai lile msalaba mdogo, akaliweka kwenye nafasi tupu kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza, "Ana mtoto?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Mbeleko alikuwa nayo, mtoto sikumwona."

Lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza kwa miezi mingi lisilohusu chumvi wala umeme. Nikafurahi sana. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Kuanzia siku ile mashine ikawa yake. Ratiba niliibandika ukutani, maana ndivyo nilivyo, lakini hakuihitaji. Aliyageuza mayai asubuhi, mchana na jioni, akajaza maji kwenye kibakuli cha ndani ili hewa isikauke, na umeme ulipokatika saa mbili nzima aliifunika mashine kwa blanketi letu la kulalia akaikumbatia. Siku ya saba tuliziba dirisha la stoo kwa kanga nzito tukayamulika kwa tochi ya simu. Umewahi kuona yai lenye uhai likimulikwa? Ndani kunakuwa na vishipa vyekundu vimetambaa, na katikati doa dogo linatikisika. Yunis alinishika mkono. Tulikuwa hatujashikana mkono tangu hospitali.

Tulipofika kwenye lile lenye msalaba, mwanga haukupita. Lilikuwa jeusi lote, ncha hadi ncha. Yai la siku saba haliwi hivyo. Nikamwambia hilo limeoza, tulitoe, maana yai bovu likipasukia kwenye joto linaharibu mashine nzima.

"Si lako," akasema.

"Likipasuka?"

"Nitasafisha mimi. Uliahidi, na si lako."

Tukaliacha. Siku ya kumi na nne nilitoka kazini nikamsikia anaimba stoo, wimbo wa kwao, sauti ya chini. Nilisimama uani na mkoba wangu begani nikashindwa kuingia. Niseme tu kwamba nililia. Mtu mzima, mbele ya tenki la maji.

Siku ya ishirini na moja yakaanza kudonolewa kwa ndani. Mpaka jioni ya kesho yake tulikuwa na vifaranga arobaini na watatu. Yunis akawahamishia kwenye boksi lenye taa, akawa anawaita majina, wengine wamepewa majina mawili kwa sababu hawatofautiani. Jirani yetu, Mama Nyemo, mzaliwa wa hapahapa Mkonze, alikuja kuwaona akasema mume anayeleta vifaranga badala ya kanga ni mume wa ajabu. Yunis akacheka. Alicheka kwa sauti.

Mayai kumi na matatu yalibaki kimya, pamoja na la yule mama.

Siku ya ishirini na nne asubuhi, nami nimeanza likizo, Yunis alikwenda kununua chakula cha vifaranga. Aliniachia neno, mashine isizimwe, amana bado imo. Lakini kwenye kundi la wafugaji maelekezo ni hayohayo kila siku: yasiyototoka yapasue, ujue yalifia hatua gani, usirudie kosa. Na mimi na maelekezo, unanijua sasa. Nikayabeba yote kwenye beseni hadi kwenye shimo la taka, nikaanza kupasua na kuandika. Hili halikuwa na mbegu. Hili lilikufa siku ya kumi. Nilipolishika lenye msalaba nilikumbuka vizuri kabisa nilichoahidi. Sitaki kukudanganya kwamba nilisahau. Nilijiambia yai ni yai, limeoza, na mwenyewe hajaonekana wiki tatu.

Nikalipasua. Halikutoa harufu. Ndani hamkuwa na ute wala kiini. Ulikuwa udongo, udongo mwekundu mkavu, umejaa pomoni, na katikati yake uzi mfupi wa shanga nyeupe, saizi ya kuzunguka kiuno cha mtoto mchanga.

Nieleze nilifanya nini? Nilitupa yote shimoni, nikamwagia mafuta ya taa, nikawasha moto. Nilisimama hapo mpaka likabaki jivu. Sikuwaza jambo lingine lolote ila kwamba Yunis asione.

Aliporudi akaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Liko wapi?"

"Mwenyewe kaja kulichukua."

"Alisema nini?"

"Alishukuru. Anakusalimia."

Uongo ulinitoka laini. Nao Yunis aliupokea, akasema Mungu amjalie, akaenda kuwapa vifaranga maji.

Siku ya tatu yake, ilikuwa Alhamisi nami bado nipo likizo, upepo wa Dodoma unavuma ule wa kubeba vumbi na mifuko. Saa saba. Yunis yuko stoo na vifaranga vyake, mlango wa stoo wazi. Nikasikia hodi, na kabla sijafika mlangoni nilijua ni nani.

Mahali palepale, miguu mitupu, mbeleko bapa.

"Nimefuata langu," akasema.

Nilikuwa na uongo tayari, tena wa aina mbili. Ningesema limeibwa. Ningesema limetotoka likafa. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni hiki: "Nililipasua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ukaweka wapi?"

"Kwenye shimo la taka. Nikachoma."

Akatazama nyuma yangu, ndani ya nyumba yangu.

"Na wa kwenu," akasema, "uliweka wapi?"

Naomba unielewe hapa. Mtu huyu hakutujua. Majirani wenyewe wengi hawakujua kilichotupata, maana tulihamia baada yake. Lakini aliniuliza kama mtu anayeuliza njia, nami nikamjibu, kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kumwambia binadamu yeyote.

Nilimwambia sijui. Nilimwambia kwamba siku ile hospitali waliniuliza kama tutamchukua mtoto wenyewe au washughulike wao, na Yunis alikuwa bado amelala kwa dawa, nikasema washughulike. Nikapewa karatasi, nikasaini. Walinieleza nani wa kumuuliza kama nikihitaji kujua alipolazwa, na sikuuliza. Sikumtazama mtoto. Niliona nitamrahisishia mke wangu, au niseme ukweli, niliona nitajirahisishia mimi. Halafu Yunis alipozinduka akauliza, nikamwambia amezikwa vizuri, pamoja na sala, chini ya mti wenye kivuli. Mti huo haupo. Niliutunga pale pale kando ya kitanda chake.

Nilipomaliza nikahisi kuna mtu. Nikageuka. Yunis alikuwa mlangoni mwa stoo, kifaranga mkononi.

Sijui alianza kusikia wapi. Alikiweka kifaranga chini taratibu, kikakimbilia kwa wenzake. Akanipita. Hakunigusa wala kunitazama. Akamwendea yule mwanamke, akamwambia, "Mama, twende tukatafute."

Wakaenda. Niliwafuata kwa mbali. Kwenye shimo walipiga magoti wote wawili, bega kwa bega, wakaingiza mikono kwenye jivu. Walikuwa wanachambua jivu kwa vidole, kidogo kidogo, kama wanawake wanavyochambua mchele, wakilipepeta na kuliweka kando. Nilitaka kusaidia, nikabaki nimesimama. Sijui ulikuwa muda gani. Kisha ukaja upepo mkali, vumbi na jivu vikanijaa machoni, nikainama kujifuta. Nilipoinua kichwa Yunis alikuwa peke yake, amepiga magoti, ameshika uzi wa shanga nyeupe ambao nilikuwa nimeuchoma kwa mafuta ya taa. Hata uzi wenyewe haukuwa umeungua.

"Umemwona?" nilimuuliza. Nilitaka aseme ndiyo ili nisiwe mwendawazimu peke yangu.

"Nimemwona," akasema. "Alikuwa ananiambia asante. Nikamwambia mimi ndiye niliyekosa, niliamini tu bila kwenda kuona."

Kisha akaniuliza upya, kwa utulivu, "Mtoto wangu yuko wapi?"

Jioni ile nilimwendea Mama Nyemo, nikamwamkia na kumweleza yote, hata yaliyonidhalilisha. Hakucheka. Aliacha kupembua mlenda wake akasema hapa tulipojenga palikuwa na kaya za watu zamani. Viwanja vilipopimwa, makaburi ya wakubwa yalihamishwa kwa heshima zote. Ila vichanga waliofariki kabla ya kupewa jina walikuwa wanalazwa kando ya ukuta wa nyumba, karibu na mama zao, bila tuta. "Waliokuja kuorodhesha walihesabu matuta, mwanangu. Ambaye hana tuta nani angemhesabu?" Nikamuuliza ni mama yupi sasa aliyenijia. Akasema walikuwa wengi waliohama wakilia, yeye hawezi kumtaja mmoja akamwacha mwingine. Aliyeniuzia kiwanja alinihakikishia hakuna kaburi, na mimi sikuuliza zaidi. Stoo yangu imekaa pale ulipokuwa ukuta.

Yunis alizifukia shanga kando ya stoo. Kila asubuhi anamwagia maji pale. Kuku wetu sasa ni wakubwa, na kuku unawajua, hawaachi ardhi bila kuifukua, uani kwangu hakuna bustani iliyosalimika. Pale hawaparui. Wanapita pembeni. Njoo uone mwenyewe, mtu yeyote wa Mkonze atakuonyesha nyumba.

Hospitali tumekwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilikwenda naye, mara mbili alikwenda peke yake. Wanatupokea vizuri, wanafungua madaftari, wanatuambia turudi. Mtumishi niliyeelekezwa kumuuliza siku ile amestaafu, na karatasi yenye sahihi yangu haionekani. Yunis hajaniacha. Ananipikia, na sasa analia, analia sana, na wakati mwingine hucheka na kuku zake. Lakini neno langu haliamini tena. Nikimwambia nimefunga geti, anaamka kwenda kulishika.

Sikusimulii haya ili uogope wanawake wa mchana wala mayai ya watu. Mtu akikuomba umwekee kitu chake, mwekee, lakini kile alichokukataza usikifanye, hata kama vitabu na makundi yote ya simu yanasema kifanyike. Na kama kuna mtu nyumbani kwako anakuuliza swali na hujui jibu lake, mwambie hujui. Mwambie leo. Mimi nilichelewa mwaka mzima, na mke wangu akalipata jibu lake kutoka nyuma ya mgongo wangu, nikimpa mtu mwingine.